Ssese: Visiwa vya raha vilivyowahi kufungwa

KWA mkazi wa Kampala anayetaka kuukimbia msongamano wa magari japo kwa siku mbili, jibu la haraka siku hizi ni moja tu: Ssese. Hahitaji pasipoti wala tiketi ya ndege. Anahitaji nauli ya kufika Entebbe, nauli ya meli na nguo za kuogea.

Visiwa hivyo 84, vilivyotawanyika kaskazini magharibi mwa Ziwa Victoria, kusini kidogo mwa Ikweta, ndivyo vinavyounda Wilaya ya Kalangala, iliyomegwa kutoka Masaka mwaka 1989. Kikubwa kuliko vyote ni Bugala, na huko ndiko wanakofikia wageni wengi.

Wageni hao wanaporejea mjini Jumapili, simu zao huwa zimejaa picha za mchanga mweupe, msitu unaoteremka hadi ufukweni, samaki wa kukaanga anayejaza sahani nzima, na jua likizama majini. Picha hizo ni za kweli, na mimi pia ninazo.

Lakini lipo jambo ambalo picha hizo hazilisemi. Zaidi ya miaka 100 iliyopita, visiwa hivi viliondolewa watu kwa amri ya serikali, vikafungwa kwa takriban miaka 10. Wenyeji wa asili unaokutana nao leo ni watoto, wajukuu na vitukuu vya watu waliorudi.

Kwa mtu kama mimi, niliyelelewa na kusomeshwa nje ya nchi yangu, habari hiyo haiwezi kupita hivi hivi.

WALIMU 14 NA MFUKO MMOJA

Tulikuwa walimu 14 wa shule moja ya sekondari hapa jijini. Kwa mwaka mzima kila mmoja wetu alichanga Sh20,000 kwa mwezi katika mfuko wa chumba cha walimu. Muhula wa pili ulipokwisha, ulizuka ubishi: fedha zigawanywe zisaidie ada za watoto, au twende kupumzika? Kura zikapigwa. Ssese ilishinda kwa kura nane dhidi ya sita, na hao sita nao walifunga mizigo.

Meli ya MV Kalangala, iliyoanza kazi mwaka 2006, huondoka katika gati la Nakiwogo, Entebbe, saa nane mchana. Safari hadi ghuba ya Lutoboka huchukua saa tatu na nusu hivi, kutegemea hali ya ziwa.

Ndani ya meli utawatambua abiria wa aina mbili bila kuuliza. Wa kwanza ni sisi wa wikiendi: miwani ya jua, kofia na spika ndogo za muziki. Wa pili ni wenyeji na wafanyabiashara, waliokalia trei za mayai, kreti za soda, magodoro, mifuko ya saruji na mikate. Karibu kila kinacholiwa au kujengewa kule visiwani kimevuka maji, ukiondoa samaki na mazao ya shamba.

Nilipokaa nilifanya kile ninachokifanya kila ninapopanda chombo cha majini. Nilitafuta jaketi la kuokolea maisha lilipo, nikahakikisha mikanda yake inafunga, nikalivaa. Mwalimu wa Fizikia alicheka hadi akashika tumbo.

“Mwalimu wa Kiswahili, hata nanga haijapanda!” alisema.

Nilimwacha acheke. Nilikuwa na umri wa miaka mitano wazazi wangu walipovuka mpaka wa Mutukula mwaka 1985, wakikimbia vita. Shule ya msingi niliisoma Bukoba, na sekondari Mwanza. Jumanne ya Mei 21, 1996, meli ya MV Bukoba ilipopinduka ikiwa karibu kabisa kufika Mwanza, nilikuwa darasani katika mji huo huo. Mamia ya watu walikufa. Baadhi ya madawati katika shule yetu yalibaki wazi, na mpaka leo makaburi ya Igoma yanakumbusha siku ile.

Mambo hayo si ya zamani tu. Septemba 20, 2018, kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na kisiwa cha Ukara, Tanzania, na kuua watu zaidi ya 220. Miezi miwili baadaye, Jumamosi ya Novemba 24, 2018, boti ya starehe ya MV Templar ilizama upande wetu, karibu na ufukwe wa Mutima wilayani Mukono. Waliokuwamo walikuwa watu wa Kampala kama sisi, wakienda kula raha za wikiendi. Boti ilikuwa imezidisha abiria, na zaidi ya watu 30 walipoteza maisha.

Nilipomaliza kumweleza hayo, Mwalimu wa Fizikia hakusema neno. Dakika chache baadaye nilimwona akihangaika na mikanda ya jaketi lake.

LUTOBOKA JIONI

Tuliwasili jua likielekea kuzama. Lutoboka ni ghuba iliyozungukwa na msitu, na juu yake, kwenye mgongo wa kisiwa, ndipo ulipo mji mdogo wa Kalangala. Barabara ya kupandia huko ina kona nyingi, na waendesha bodaboda wanaipanda bila wasiwasi wowote.

Nyumba za wageni zimejipanga kando ya maji. Usiku ule tulikula sangara, ambaye huku huitwa mputa, kwa matoke yaliyopondwa. Moto wa kuni uliwashwa mchangani. Mwalimu mkuu msaidizi, ambaye shuleni hatujawahi kumwona akitabasamu, alicheza kadongo kamu hadi saa sita.

Mwenye nyumba alituonyesha pia alama ya maji kwenye ukuta wa jengo lake la chini. Mei 2020, kina cha Ziwa Victoria kilichopimwa Jinja kilifikia mita 13.42, na kuivunja rekodi iliyokuwa imedumu tangu mwaka 1964. Fukwe nyingi zilimezwa, vibanda vikabomoka, na mwaka 2024 maji yakapanda tena. Mchanga tuliokuwa tumeukalia, alisema, ulikuwa umerudi baada ya maji kushuka.

AMRI YA KUHAMA

Jumamosi asubuhi, wenzangu walipokwenda kuogelea, mimi na Mwalimu wa Historia tulipanda mjini. Pale tulielekezwa kwa bibi kizee mmoja, Msese wa kuzaliwa, aliyekuwa ameketi kwenye mkeka barazani akichambua maharage.

Mwalimu wa Historia alipiga magoti kwa heshima ya Kiganda. Mimi, kwa mazoea ya Mwanza, nikajikuta nimetamka “Shikamoo.” Bibi alicheka, akaitikia “Marahaba” bila kusita. Kisha akaongeza neno ambalo Waganda humwambia aliyetoka safari: “Kulikayo.”

Tulimwomba atueleze habari za kwao.

“Bibi yangu alizaliwa hapa,” alisema. “Akaondolewa akiwa msichana. Aliporudi alikuwa na watoto wawili na mtu hajui shamba la baba yake lilianzia wapi. Msitu ulikuwa umekula kila kitu.”

Anachokisimulia bibi huyo kimo katika kumbukumbu za nchi. Mwaka 1901, madaktari wa Hospitali ya Mengo, ndugu wawili Albert na Jack Cook, waligundua kwamba wagonjwa wao walikuwa na malale. Miaka miwili baadaye Daktari David Bruce alitumwa kutoka Uingereza, na ikathibitika kwamba ugonjwa huo unaenezwa na mbung'o wanaoishi kwenye vichaka vya kando ya maji.

Wakati huo watu walikuwa wakifa kwa maelfu. Inakadiriwa kuwa zaidi ya watu 200,000 waliangamia kuzunguka ziwa upande wa Uganda katika miaka 20 ya mwanzo ya karne iliyopita.

Dawa ya uhakika haikuwapo. Gavana Hesketh Bell aliamua kuwatenga watu na mbung'o. Kuanzia mwaka 1906 wakazi wa ufukweni walianza kuhamishwa kupelekwa bara, na kufikia mwaka 1909 zamu ya visiwa vya Ssese ilikuwa imefika. Kuvua, kukata kuni ufukweni na kurudi nyumbani vikawa makosa.

Waliohamishwa hawakuwa watu wa hivi hivi. Basese ndio waliokuwa mafundi na wapiga kasia wa mitumbwi mikubwa ya Kabaka, ile ya mbao zilizoshonwa kwa kamba. Henry Morton Stanley alipomtembelea Kabaka Mutesa wa Kwanza mwaka 1875, aliziona kasia hizo zikienda vitani Buvuma. Aidha, katika kisiwa cha Bubembe ndiko kulikokuwa na hekalu la Mukasa, lubaale wa ziwa, na makabaka walipeleka huko zawadi kuomba baraka. Waganda wenyewe huliita ziwa hili Nalubaale.

Kufikia mwaka 1920 hivi, watu waliruhusiwa kurudi. Waliorudi walikuwa wachache kuliko walioondoka.

KILICHORUDI NA KISICHORUDI

Nilimuuliza bibi kama anajua Kisese, lugha ya wazee wake. Alifikiri, akataja maneno matatu ya uvuvi na moja la kumwita mtoto. Mengine, alisema, alikufa nayo bibi yake. Yeye na wanawe wanazungumza Luganda.

Wataalamu wa lugha wanasema vivyo hivyo: Kisese, ambacho ni ndugu wa karibu wa Luganda, kimebaki na wasemaji wachache mno. Watu waliotawanywa bara kwa miaka 10, wakaoa na kuolewa huko, walirudi na lugha ya huko. Ugonjwa ulidhibitiwa na mashamba yakafyekwa upya, lakini hapakuwa na mtu wa kuifufua lugha.

Jambo hilo nalifahamu kwa mwili wangu. Niliporudi Uganda mwaka 2004 nilikuwa na cheti cha ualimu na Kiswahili safi, lakini Luganda yangu ilikuwa ya mtoto wa miaka mitano. Shangazi yangu alikuwa akinisikiliza kwenye misiba huku ameinamisha kichwa asionekane akicheka. Kwenye kiwanja cha babu tulikuta mtu mwingine amejenga nyumba ya matofali na amepanda migomba inayozaa vizuri. Naye alikuwa na karatasi, na karatasi zake zilikuwa na mihuri.

Mkimbizi anaporudi hugundua kwamba nchi haikumngoja. Maisha yaliendelea, watu wengine wakaja, na mara nyingi hao waliokuja si wezi. Walikuta mahali patupu wakapajaza.

Huko Ssese mkanganyiko huo ulikuwa mkubwa zaidi, kwa sababu kati ya kuondoka na kurudi kulikuwa na suala la mailo. Mkataba wa Buganda wa mwaka 1900 uligawa ardhi kwa maili za mraba kwa Kabaka, machifu na vigogo wengine. Ndiyo maana mpaka leo watu wengi wa Kalangala wanalima vibanja kwenye ardhi ambayo hati yake iko mkononi mwa mtu anayeishi bara, ambaye pengine hawajawahi kumwona.

MICHIKICHI NA MABONDO

Ukitoka Kalangala mjini kuelekea upande wa Bwendero, msitu unakatika ghafla na mbele yako kunakuwa na michikichi iliyopangwa kwa mistari. Mradi wa mafuta ya mawese ulianza katikati ya miaka ya 2000 kwa ubia wa serikali, Mfuko wa Kimataifa wa Maendeleo ya Kilimo (IFAD) na wawekezaji binafsi. Kampuni ya Oil Palm Uganda Limited ilipangiwa hekta 6,500 kisiwani Bugala, na wakulima wadogo hekta 3,500.

Ni uongo kusema kwamba mradi huo haukuleta kitu. Mwanamke mmoja tuliyemkuta akipakia mikungu ya chikichi kwenye gari alituambia amesomesha watoto watatu kwa shamba la ekari nne.

“Zamani nilikuwa nikingoja mume wangu atoke ziwani,” alisema. “Sasa hivi yeye ndiye anayeningoja mimi mwisho wa mwezi.”

Lakini wapo pia wasioimba wimbo huo. Mwaka 2015 kundi la wakulima lilikwenda mahakamani likidai kuwa limepokonywa ardhi kupisha mashamba hayo. Ukiwauliza wenyeji, watakueleza tatizo ni lile lile la mailo: mwenye hati aliuza, na mwenye kibanja akasikia habari hizo tingatinga lilipofika.

Mchana tuliteremka kwenye mwalo mmoja wa wavuvi. Mabanda ya mbao yamebanana, dagaa wameanikwa kwenye nyavu, na wanunuzi wa mabondo ya sangara wamekaa na mizani zao. Hapo ndipo nilipofurahi kuliko wenzangu wote, kwani lugha iliyokuwa ikitumika kupatana bei ilikuwa Kiswahili. Wavuvi wametoka Buganda, Busoga, Rwanda, Kongo na Tanzania, na hakuna lugha nyingine inayowatosha wote.

Baraza la Mawaziri la Uganda liliidhinisha mwezi Julai 2022 Kiswahili kiwe lugha rasmi na kifundishwe kwa lazima shuleni. Wanafunzi wangu bado huniuliza kitawafaa nini, na wazazi wao wanakikumbuka kama lugha ya wanajeshi. Nitawapeleka mwaloni.

Hata hivyo mwaloni nako kuna kilio. Mwaka 2017 serikali ilipeleka wanajeshi ziwani kuzuia uvuvi haramu, na boti fupi za chini ya futi 28 zikachomwa. Serikali ilisema sangara walikuwa wakiisha, jambo ambalo wavuvi wenyewe wanalikiri. Lakini mwenye boti ndefu ni tajiri, na kijana aliyekuwa na mtumbwi wake mdogo leo ni kibarua kwenye boti ya mtu.

“Hapa ziwani kila mtu ni mgeni, mwalimu,” aliniambia kijana mmoja aliyekuwa akishona nyavu. “Tofauti ni nani ana risiti.”

KABLA HUJAPANDA MELI

Kwa msomaji anayepanga safari, yapo mambo machache ya kuzingatia.

Kwanza, uliza mapema kama meli inasafiri, maana huwa inapelekwa kwenye matengenezo. Siku hizo njia salama ni kupitia Masaka hadi Bukakata, kisha kivuko cha kwenda Luku. Usikubali kushawishiwa kupanda mtumbwi wa mizigo kwa sababu tu umechelewa.

Pili, vaa jaketi la kuokolea maisha, nawe uwe wa kwanza kuliuliza lilipo. Kama halipo, shuka. Ukiona boti imejaa kupita kiasi, shuka pia, hata kama umekwisha kulipa na rafiki zako wanakuita mwoga. Bunge lilitunga Sheria ya Usafiri wa Majini mwaka 2021, lakini sheria hiyo haina mkono wa kukufunga mkanda.

Tatu, meli ya kurudi huondoka Lutoboka saa mbili asubuhi. Atakayelala baada ya kadongo kamu atakuta imekwenda.

Nne, usiishie ufukweni. Panda mjini, nunua ndizi na mafuta ya mawese kwa mwenyeji, salimia wazee na uwaulize habari za kwao. Kampala tuna mtindo wa kuviita visiwa hivi “mahali ambapo hapajaguswa”. Vimeguswa sana. Sehemu ya msitu tunaoupiga picha uliota juu ya mashamba ya watu.

Njiani kurudi, Mwalimu wa Historia alikuwa na daftari limejaa. Anataka wanafunzi wa kidato cha pili wafanye mradi juu ya malale na kuhamishwa kwa watu wa visiwa, kwa sababu mtaala mpya ulioanza mwaka 2020 unahimiza wanafunzi kujifunza kwa kufanya. Waliopiga kura ya hapana wameanza kuuliza mwaka ujao tutakwenda lini, na mimi nimepewa kazi ya kumwandikia bibi barua ya shukrani, kwa Kiswahili, kama alivyotaka mwenyewe.

Pale gati la Lutoboka nilihesabu mabango tisa, yote ya nyumba za wageni na vinywaji. Sikuona hata moja linalomweleza mgeni kwamba mwaka 1909 watu wa hapa waliamriwa kuondoka, na kwamba walirudi. Bango kama hilo haligharimu fedha nyingi. Wahusika wa utalii na wa wilaya waliweke, kwa Luganda, kwa Kiswahili na kwa Kiingereza, na yale maneno machache ya Kisese yanayokumbukwa bado yaandikwe juu yake wangali hai wanaoweza kuyatamka.